Theluji Niliyoisoma Redioni

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za upendo, wewe na wifi na wajukuu wote. Natumaini goti limepata nafuu, na kwamba sasa unaitumia ile fimbo waliyokununulia wanao badala ya kuificha nyuma ya mlango. Huku nyumbani hatujambo, ila mimi mwenyewe moyo umechoka. Daktari wangu, kijana mpole anayeniita Bibi, alizungukazunguka sana na maneno hadi nikamwambia asijisumbue. Nimesoma habari redioni nusu ya maisha yangu, naijua sauti ya mtu mwenye habari mbaya. Alicheka, kisha akainama na kuanza kutafuta kalamu ambayo alikuwa ameishika mkononi. Basi nikaelewa. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ujue ni mkono, akili bado ipo.

Krismasi inakaribia na jua linatuchoma utosi. Mtoto wa jirani amebandika theluji ya karatasi kwenye dirisha lao, nami nikakukumbuka ulivyokuwa. Hamu yako ya theluji ilianza na ile kadi aliyopewa mama na msimamizi wake wa kiwanda cha magodoro, yenye nyumba ndogo na paa jeupe. Tangu hapo, kila Desemba ulitoka uani asubuhi kukagua mabati yetu kama afisa wa forodha, na mimi nyuma yako na sahani, maana uliniahidi tutaila theluji na sukari. Mama akirudi kazini, sufi imemjaa kichwani na kwenye nyusi kwa kushinda akijaza mito, ulipiga kelele mtaa mzima usikie kwamba theluji imeanguka, ila imemwangukia mama peke yake. Alikukimbiza na kandambili huku anacheka. Sufi ilipeperuka mpaka ikatua kwenye chai. Tuliitoa kwa kijiko tukanywa hivyo hivyo, na sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Nakumbuka pia siku uliyoondoka. Mama alikuwa amekwisha kukuombea kazi kwa watu, umepata kiti cha karani kiwandani, kumbe wewe una nafasi ya chuo ng'ambo na hukumwambia mpaka sanduku limefungwa. Safari haikumuuma. Kilichomuuma ni kuwa wa mwisho kujua. Alisimama mlangoni akakwambia uende kwenye theluji yako, na siku itakapoanguka juu ya paa hili, ndiyo siku mtakayoonana tena. Ulinyanyua sanduku ukatoka. Kwa ukaidi, nyinyi wawili mlikuwa pacha.

Ukawa unaniandikia mimi. Nilisoma barua zako kwa sauti, na mama alijifanya anashona kifungo, kifungo kile kile mwaka hadi mwaka. Unaikumbuka ile uliyosema kwamba hata huko Krismasi ni mvua na tope tupu, ofisi nzima mmejipanga dirishani kama watoto, halafu theluji inakuja Februari ambapo hakuna mwenye haja nayo? Mama alicheka hadi akashika ubavu. Alisema, kumbe hata huko mtoto bado anasubiri! Akaomba niirudie.

Baada ya hapo, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nasoma hali ya hewa, kila Desemba alinizuia mlangoni nikienda kazini. Alikuwa akiniita, we Chiriku, theluji je mwaka huu? Nami namjibu kwa sauti ya redioni kwamba ni jua kali na upepo hafifu kutoka jikoni. Ananionya kwamba ikianguka nisimfiche. Tunacheka, naondoka. Nilijua vizuri kwamba hakuwa anauliza hali ya hewa. Na wewe ungejua, kama ningekuandikia japo mstari mmoja.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Krismasi yake ya mwisho mama alikuwa hatoki tena kitandani. Siku moja aliniita nikae karibu, akaniambia nikuandikie kwamba theluji imeanguka. Neno hilo tu, akasema, nawe utajua. Nikamwambia si aseme tu uje, yaishe. Akanijibu kwamba yeye hawezi kumbembeleza mtoto aliyemzaa mwenyewe, lakini kama theluji imeanguka imeanguka, nani atabishana nayo? Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepata njia ya kutoka nje bila kupita mlangoni. Nikamwahidi.

Sikuandika, kaka.

Nilikaa mezani na karatasi mbele yangu, nikakuona akilini unaingia na koti lako. Nikamwona mama anatazama juu ya bega langu, uso wote umewaka. Miaka yote ile mimi ndiye niliyemkanda miguu na kumchana nywele, nami nilikuwa nimezoea kuwa mtoto wake wa pekee. Niliogopa nitarudi kuwa yule wa nyuma na sahani. Nikairudisha karatasi kwenye droo.

Na kwa kuwa nafsi ilinisuta, siku ya Krismasi niliingia studio na kusoma, kwa sauti yangu ya kazi, kwamba theluji imeanguka mjini tangu alfajiri, hasa kwenye mapaa ya mtaa wetu. Fundi mitambo alivua vifaa vya masikioni akanitumbulia macho. Simu zikaanza kulia. Mwanamke mmoja alitaka kujua kama aanue nguo. Mkuu wa kituo alinijia mbio akiuliza kama nimelewa. Niliambiwa nikapumzike, na mapumziko hayo hayajaisha hadi leo. Nilikuandikia kwamba niliacha kazi kwa sababu ya koo. Koo langu halikuwa na neno.

Nilipofika nyumbani redio ilikuwa juu ya mto, karibu na sikio lake. Alisema nimeisoma vizuri, nusura atafute sweta. Kisha akauliza kama na wewe nimekuandikia. Nikasema ndiyo. Unaona nilivyofanya: niliutangazia mji mzima, nikakunyima wewe peke yako.

Alikungoja. Gari likisimama nje alinyanyua kichwa na kuuliza kama ni wewe. Alitaka shuka zibadilishwe mara kwa mara, eti mgeni asije akakuta chumba kinanuka dawa. Nami nikamwambia labda nauli, labda likizo. Alifariki akikutetea, akisema ofisi za watu hazina huruma. Halafu baada ya mazishi ukaniandikia kwamba hukuwahi kurudi kwa kuwa uliheshimu kauli yake. Nilikujibu kwamba nimekuelewa.

Sikuombi unisamehe kwa haraka ili nife vizuri. Huo nao ungekuwa ubinafsi. Kasirika kadiri utakavyo. Kama utaandika, mpangaji wangu ambaye ni muuguzi atanisomea, na nimemwagiza asiruke neno hata likiwa chungu.

Kuna jambo moja nimelipanga bila kukuuliza. Pale makaburini, ubavuni kwa mama, pana nafasi ya mtu mmoja. Nilijiwekea mwenyewe wiki ile ile tuliyomzika, na kila mtu anajua kwamba ni yangu. Nimekwenda kwa mlinzi wa makaburi nikafuta. Mimi watanilaza upande wa pili wa njia, karibu na bomba la maji. Ile ya ubavuni imeandikwa jina lako. Njoo uitazame ungali unatembea.

Nisalimie wifi sana, na uwabusu wajukuu kwa niaba ya bibi yao wasiyemjua.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku