Pazia Chini ya Gari

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu, na za mama pia, ambaye sasa hivi amejilaza upande wa pili wa ukuta huu. Hujambo? Wifi hajambo? Na wale mapacha wenu, bado wanagombania kiti cha dirishani? Ulipopiga simu mara ya mwisho mgongo ulikuwa unakusumbua. Natumaini umepata nafuu, maana barua hii nataka uisome ukiwa umekaa vizuri.

Sisi huku hatujambo. Goti la mama linapona, kisha maumivu yanarudi. Yule dada wa mazoezi pale hospitali anasisitiza nimpeleke kila Jumatano bila kukosa. Shangazi alikuja, akakaa siku tatu, kila siku akaniambia nimenenepa, kisha akaondoka na sufuria yetu kubwa.

Vikanyagio vya gari ulivyotuma, vya kupandia mlangoni, vilifika salama. Mama alipoliona sanduku aliita majirani waje waone mwanawe alichomtumia. Unajua gari lile lilivyo refu. Kila Jumatano nilikuwa nampandisha kwa kigoda cha jikoni, mimi nikisukuma kwa nyuma, yeye akinitukana kwa mbele. Kwa hiyo tulifurahi kweli, na nilikushukuru mbele ya watu.

Halafu ukanipigia simu kwamba nisithubutu kulipeleka gereji. "Mafundi wa huko watakubadilishia hata betri," ulisema. "Wewe una mikono ya dhahabu, na hizo ni boliti nane tu." Mimi, ambaye sijawahi kushika spana! Ulinivika kilemba cha ukoka, nami nikajitazama kwenye kioo nikaona kimenikaa.

Nilijiandaa kama ninavyojiandaa kushona gauni la bibi harusi. Karatasi ya maelekezo niliisoma mara tatu. Nikakata karatasi ya kaki kwa umbo la kila kikanyagio, nikaibandika ubavuni mwa gari, nikatia alama za matundu kwa chaki yangu ya nguo. Boliti nikazipanga kwenye makopo ya vifungo, za mbele kopo lake, za nyuma kopo lake. Spana niliazima kwa fundi wa kuchomelea milango hapo ng'ambo ya barabara. Alinionyesha upande unaokaza na upande unaolegeza, huku akicheka mpaka akakaa chini. Mama naye alitoa kiti nje akaja kunisimamia.

Maelekezo yanasema kabla ya kufunga, sugua mahali pa boliti kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Wewe kwenye simu ulisema nisijisumbue, nifunge tu juu ya rangi. Lakini unanijua, mimi siunganishi kitambaa kabla sijakipiga pasi. Nikatandika gunia, nikalala chini, nikasugua.

Chuma hakikuonekana, Kaka. Rangi nyeusi ilitoka, puti ya kuzibia ikatoka, kisha brashi yenyewe ikazama. Nikaingiza vidole nikavuta, kikaja kitambaa kilichokaukia gundi. Maua ya zambarau. Pembeni kulikuwa na upindo wa uzi wa njano, kwa sababu siku niliyoushona, uzi wa zambarau ulikuwa umeniishia.

Lilikuwa pazia la sebuleni. Ndilo lile moja lililopotea wiki uliyokuwa unatengeneza gari nyuma ya nyumba, kabla hujasafiri. Unakumbuka mama alivyosema kwamba nimelikata kushonea nguo za wateja? Unakumbuka nilivyoapa, na wewe umekaa palepale unakunywa chai? Tangu siku ile, miaka minne sasa, mama anauvaa shingoni ufunguo wa kabati la vitambaa, kwa ajili yangu. Hukusema neno. Ulimega mkate mwingine.

Nilimwita yule fundi wa milango. Akachomeka bisibisi upande wa pili wa gari, nao ukaimeza mpaka kwenye mpini. "Dada, hapa hakuna chuma, kutu imekila, hapa pana nguo," akasema. "Ungefunga hivi vitu, siku mama anakanyaga tu, anashuka navyo." Akanikataza kuliendesha hata mpaka sokoni. Nami mwaka mzima, kila Jumatano, nimemkalisha mama juu ya sakafu hiyo.

Sasa naelewa kwa nini hukutaka gereji. Fundi yeyote angeinama mara moja akajua, basi ukamchagua mtu asiyejua kitu. Hilo linaniuma kuliko pazia. Ulikuwa radhi mama akanyage hewa, mradi wewe usiaibike.

Tena nikukumbushe tulivyokubaliana. Ulisema unaniachia gari zima la kumzungusha mama, na mimi nikuachie nafasi ya kwenda. Nilifunga kibanda changu cha sokoni, nikahamia hapa na cherehani yangu, wateja wakatafuta mshonaji mwingine. Sikulalamika. Nilikuwa najisifu kwa watu kwamba sisi hatugombani kama ndugu wengine. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Haki ya Mungu nilitaka kulificha lile tambara. Nililikunja nikalikalia. Lakini mama alikuwa hatua tatu tu kutoka kwangu, na ugonjwa wake uko gotini, hauko machoni. Alinyoosha mkono, nikampa. Akaupapasa ule upindo wa njano kwa kidole gumba, kutoka mwanzo mpaka pale ulipokatwa. Kisha akaomba nimshike mkono, aingie ndani.

Kesho yake asubuhi nilipofunua cherehani nilikuta ufunguo wa kabati umewekwa juu yake, pamoja na kamba. Nilikaa nikalia, na sijui nilikuwa nalia kwa furaha au kwa hasira.

Tafadhali usitutumie kitu kingine. Jumatano hii tutakwenda kwa teksi, na vikanyagio vyako nimevirudisha kwenye sanduku lake. Ninachotaka ni simu, tena si kwangu, kwake. Umweleze mwenyewe, kuanzia pazia mpaka ile hadithi ya mafundi wa gereji. Usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Yeye ameshajua, anangoja tu kuona kama utasema.

Msalimie sana wifi, na mapacha uwabusu kila mmoja shavu lake wasigombane. Shangazi anakusalimu, yeye hajui lolote. Mungu awafunike nyote, na mgongo wako aunyooshe.

Mama nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akasema, "Mwambie miaka minne nilimnunia asiye na kosa." Nikamuuliza kama kuna jingine. Akasema hakuna.

Wako akupendaye, ingawa wiki hii kwa shida,

Dada yako, ambaye hakuchukua pazia.