Meza ya Kompyuta na Barasa Aliyenigeuka

Dada yangu Nekesa,

Kabla sijakuuliza hali, ujue kwamba hapa Westlands kompyuta haiwashwi kama mimi sijafika. Hata mwajiri wangu Bwana Harjit, tajiri wa vitambaa, akiamka kwake Spring Valley huuliza kwanza, "Wekesa yuko?" Mimi ni mzima. Goti la mama linaendeleaje? Na yule ng'ombe mweusi amezaa?

Nakuandikia kwa uchungu. Barasa amenigeuka. Barasa huyu niliyempokea chumbani kwangu mtaa wa Satellite akiwa na kikapu kimoja, nikampa kitanda, mimi nikalala chini, nikamwombea kazi ya kufagia duka hili la Bwana Harjit.

Ililetwa kompyuta mpya na diski nane za programu ya kuchapia barua. Fundi wa kuiingiza akaugua. Nikamwambia Bwana Harjit, "Mzee, hiyo niachie mimi."

Akanitazama. "Wewe si ni wa chai?"

"Chai ni ya kupitisha wakati tu."

Akacheka, akasema nikiweza, ile meza ni yangu na aproni nivue.

Diski ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Wateja wakaacha vitambaa wakanizunguka. Ya tano, mashine ikakoroma, ikakwama, kioo kikaniuliza swali kwa Kiingereza. Nikabonyeza jibu. Programu haijaamka mpaka leo.

"Nani ameharibu hii kitu?" Bwana Harjit akauliza.

Nikamwambia diski imekuja mbovu. Na ilikuwa mbovu, dada, haki. Alikuwa ameshaanza kuamini. Ndipo Barasa, ameegemea ufagio wake, akasema, "Mzee, hebu muulize alibonyeza nini."

Nikajibu. Wateja walicheka mpaka mama mmoja akakalia robota la kitambaa. Sasa meza amepewa Barasa, eti yeye huuliza kabla ya kubonyeza. Mimi nimerudi kwa birika, na yeye ananiambia, "Wekesa, yangu sukari mbili."

Jumamosi anakuja huko. Atakula kuku wa mama na atasimulia. Mwambie mama asimsikilize. Nisalimie shemeji, fundi wetu wa baiskeli, na shangazi wa kwaya.

Ila wewe ujue mapema, Barasa asikuaibishe. Kioo kiliandika Abort, Retry, Fail. Maneno mawili ya kwanza sikuyajua. La tatu, kumbe ni kuanguka. Mimi nilibonyeza F nikidhani ni faili.

Ndugu yako,
Wekesa