Kompyuta ya Zawadi Imenishinda, na Mume Wangu Anajua Mimi Ni Mtaalamu

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Kabla sijafika kwenye shida yangu naomba ujue kwamba mimi ni mwanamke mwenye furaha, maana nimesoma kwenye ukurasa wako barua nyingi za wanawake wanaolizwa na waume zao na sitaki unihesabu kati yao. Nimeolewa Februari mwaka huu wa 2003 na Elieza, dereva wa watalii, na mpaka leo nikisikia gari lake likikata kona ya kwetu hapa Sakina moyo unanidunda kama siku ile aliyonisalimia mara ya kwanza nje ya kanisa, na akitoka kupeleka wageni Momela ananisimulia twiga mmoja mmoja kana kwamba alikwenda kuwaangalia kwa niaba yangu. Mama mkwe naye ananipenda, kila wiki anashuka kutoka Akheri na loshoro, yale mahindi ya kupondwa na maziwa ya mgando, kwenye kibuyu na anakaa hapo hapo mpaka nimalize. Kwa hiyo shida yangu si mapenzi, ingawa naogopa isije ikayagusa.

Ilianzia kwenye sendofu yangu, sherehe ya kuniaga nyumbani. Unajua bibi harusi husomewa wasifu wake mbele ya wageni, na rafiki yangu aliyeuandika, kwa kunipenda tu, aliandika kwamba Ndeshi ni mtaalamu wa kompyuta. Ukweli ni kwamba baada ya kidato cha nne nilisoma kozi ya miezi mitatu kwenye chuo kimoja hapa mjini, chuo kilikuwa na mashine nne na sisi tulikuwa arobaini, umeme ukikatika mwalimu alichora skrini ubaoni kwa chaki nasi tukanakili, hata mtihani tuliufanya kwa kalamu, na kwa kukariri mimi sina mpinzani, nikapata daraja la kwanza. Wageni walipiga vigelegele, nami nikainamisha kichwa kama bibi harusi mwenye adabu. Pale ndipo nilipotakiwa kusema kitu, nikanyamaza.

Baba mdogo wa Elieza, anaitwa Mikaeli, ana ofisi ya kupanga safari za watalii pale Themi. Alisimama, akaomba kipaza sauti akasema, "Tulikuja kutafuta mke, kumbe tumepata na karani." Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anatania, kwa sababu siku ya harusi alituletea kompyuta, ndugu moja na zile za ofisini kwake ambazo alizinunua pamoja wakati mradi fulani wa wafadhili ulipofunga virago, akasema nifanyie mazoezi nyumbani, na tarehe mbili Juni nianze kazi badala ya Anjela, karani wake, anayehama mwisho wa Mei kumfuata mumewe Moshi.

Mshauri, nilipoiwasha sikukuta hata kimoja nilichokariri. Pale ambapo daftari langu linasema bonyeza Start, pana picha ya unyayo wa mtu. Elieza alikuwa ameketi karibu yangu, ananitazama kwa yale macho yake, akasema nimwonyeshe basi, nami nikamwambia mashine ngeni huachwa kwanza ipumzike, akaniamini, na kesho yake akaenda kuwaambia madereva wenzake kwamba mke wake hakurupukii mitambo.

Tangu hapo natafuta pa kujifunzia. Nilinunua kitabu kwa wauza vitabu wanaotandaza chini karibu na Mnara wa Saa, nikakisoma mpaka nusu ndipo nikagundua ni cha Windows. Nikanunua cha pili, kinene, hicho kweli ni cha mfumo wangu lakini kimeandikwa kwa ajili ya watu wanaoongoza mitambo mikubwa, ukurasa wa kwanza tu wananiambia nirekebishe vitu ambavyo sijui kama ninavyo. Nikaenda kwenye kafe ya intaneti, na kaka mmoja mpole pale, Najim, nilipomweleza ule unyayo alicheka akasema, "Dada, hiyo ni Linux. Nayo ni kompyuta, ila imesoma shule nyingine." Akanitafutia kurasa sabini akazichapa, nimezisoma zote, zote zinasema ni za anayeanza, lakini moja inaniambia nibonyeze, nyingine niandike amri, nyingine inazungumzia toleo ambalo picha zake hazifanani na zangu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyojiona mjinga.

Kitu kimoja niliweza, nacho kikanivunja moyo. Nilimwandikia Elieza barua ya mapenzi, ukurasa mzima, nikaihifadhi kwenye flopi kwa mkono wangu, nikaichomoa, nikakimbia kwa Najim anichapie. Flopi ilikuwa tupu. Nililia njia nzima, na mpaka leo Elieza hajui kama kulikuwa na barua.

Anjela ninakutana naye kanisani. Ameniuliza mara mbili mazoezi yanaendaje, nikamjibu vizuri, na Jumapili iliyopita nilitokea mlango wa nyuma ili asiniulize mara ya tatu. Sasa yupo fundi anayesema ataifuta mashine yote aniwekee Windows, nimwambie tu siku ambayo Elieza yuko safarini. Nimemwomba asubiri jibu lako. Nimruhusu? Na kama sivyo, mtu anayeanza kama mimi anapata wapi kitabu kizuri, maana Elieza ameshawaambia watu wote kwamba mke wake ataongoza ile ofisi, na sitaki siku hiyo ya kwanza wamcheke yeye kwa sababu yangu.

Ni mimi,
Ndeshi, Sakina

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu Ndeshi, na hongera kwa ndoa. Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili kwa raha tu, kwa sababu kwenye meza hii sipati mara kwa mara mwanamke anayelia kwa ajili ya flopi.

Fundi asiiguse. Umeniandikia mwenyewe kwamba mashine hiyo ni ndugu moja na zile za Themi, kisha unaniuliza kama uifute. Ukiifuta ya nyumbani, tarehe mbili Juni utakwenda kuzifuta na za baba mkwe wako Mikaeli? Mzee wa watu amekupa darasa zima bure, wewe unataka kulibomoa kwa sababu milango yake inafunguka upande mwingine.

Kuhusu flopi nilimuuliza mzee Omary anayetunza mitambo hapa gazetini. Alicheka kwanza, unisamehe, ndipo akaeleza. Mfumo wako una tabia ya kushika maandishi kidogo kabla ya kuyateremsha kwenye flopi. Lazima ubonyeze picha ya flopi kwa kitufe cha kulia cha mausi, uiambie mashine iiachie flopi, usubiri taa izime, ndipo uchomoe. Kwa hiyo barua yako haikukataliwa, uliichomoa ikiwa bado njiani. Kosa hilo hufanywa na watu wanaojua kuandika, na hiyo ni habari njema, kwa maana ulifungua ukurasa, ukaujaza, ukajua na pa kuuhifadhi, bila daftari. Unajua zaidi ya unavyojisingizia.

Sasa vitabu. Umevipokea kama zawadi za harusi, kila kinacholetwa unakiweka ndani. Kabla ya kusoma ukurasa hata mmoja, tazama mashine yako inapowaka: itaandika jina la mfumo wake na namba ya toleo. Viandike kwenye karatasi. Kitabu au ukurasa usiotaja jina hilo, na toleo hilo au lililo karibu nalo, si wako hata kama ni kizuri kiasi gani. Kisha fungua sura ya kwanza ujiulize kama kuna kazi unayoweza kuianza na kuimaliza ndani ya saa moja. Kama hakuna, mwandishi hakuwa anakuwaza wewe, kirudishe. Zile kurasa sabini mfungie mama mkwe mayai. Mzee Omary anasema bonyeza huo unyayo, utaona palipoandikwa Help, ndani yake kuna maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mashine hiyo hiyo na picha zake zinafanana na zako. Kiingereza cha kidato cha nne kinatosha kuyasoma polepole. Na ukienda tena kwa Najim usiseme kompyuta imenishinda, hapo hata bingwa hawezi kukusaidia. Mwambie nilitaka hiki, nikafanya hivi, nikapata hivi. Swali likishapangwa hivyo, hata huko kwenye intaneti utapata mtu wa kukujibu.

Ila usisome mfumo mzima. Nani amekuambia ofisi ya Themi inataka ujue Linux yote? Inataka karani. Yaani kuna barua za aina fulani, ratiba za aina fulani, na mahali pa kuzihifadhi, na yupo mtu mmoja tu hapa Arusha anayejua ni zipi, naye anafungasha mizigo kwenda Moshi. Wewe unazunguka mji mzima kutafuta mwalimu, halafu ukimwona unatokea mlango wa nyuma wa kanisa! Hapo nimekukasirikia kweli. Anjela alikuuliza mara mbili. Mtu anayeondoka kazini hana sababu ya kuuliza mara mbili, isipokuwa anataka umwambie ukweli akusaidie.

Najua unachoogopa. Ukienda kwa Anjela, baba mkwe atajua, na akijua anaweza kumtafuta karani mwingine. Ndiyo, anaweza. Sitakudanganya. Lakini leo utakuwa msichana aliyekuja kujifunza kabla ya wakati. Juni mbili, wageni wakisubiri ratiba na gari likiunguruma nje, utakuwa mtu aliyedanganya ukoo, na Elieza atakuwa amesimama hapo hapo.

Kwa hiyo aanze kujua yeye. Usingoje chakula kiive wala usipambe maneno. Akirudi safari mwambie kabla hajavua viatu kwamba ulichosomewa kwenye sendofu kilikuwa kikubwa kuliko wewe, ukaona haya kukikana, na sasa unataka kukifikia. Huyo mwanaume aliyekusifia kwa wenzake kwamba hukurupuki hatakuacha kwa sababu ya kozi ya chaki. Anaweza kununa siku moja. Mwache anune, ni haki yake, na usimbembeleze kwa uongo mwingine. Kisha mwende pamoja kumsalimia baba mdogo Mikaeli, na wewe ndiye useme, siyo Elieza. Muombe ruhusa ya kukaa pembeni ya Anjela kila asubuhi mpaka siku yake ya mwisho, bila mshahara. Mkono uwe wako kwenye mausi, macho yawe ya Anjela. Kila kazi unayoimaliza iandike kwa Kiswahili chako mwenyewe, kwa mpangilio ulioufanya wewe. Jioni irudie nyumbani bila kutazama. Hicho kitabu unachokitafuta hakiuzwi popote, utakiandika wewe, na ukikosea ukurasa utaufuta.

Na kama gazeti hili litakukuta Elieza yuko Serengeti, usimngoje arudi ndipo umwone Anjela. Huyo dada amebakiza wiki mbili. Weka gazeti chini, vaa viatu, nenda Themi ukamgongee mlango.