Macho ya Dada Ndani ya Siti

Jumatatu, 5 Agosti. Garsen.

Nimetoka Ndera mpaka Garsen kwa baiskeli, bila kushuka hata kukojoa. Mzee wa umri wangu!

Haya, uongo. Lori la matikiti lilinibeba karibu njia yote, mimi na baiskeli juu ya matikiti. Kushuka kwenye baiskeli sikushuka, maana hata kupanda sikupanda.

Bado Tanga. Dada mkubwa aliolewa huko. Sasa macho yanaziba na hospitali inataka pesa kwanza. Ningetuma kwa simu, lakini simu anayo mwanawe, na mwanawe ana koo pana. Nabeba mwenyewe. Noti ziko ndani ya siti ya baiskeli. Nimepasua sponji, nikashindilia, nikashona kwa mshipi wa kuvulia, juu nikavika kava nyekundu. Mwizi atapapasa mifuko. Nani atanusa siti ya mzee?

Nalala kwa Hawadhe, binti wa mjomba, mwenye kibanda cha chai hapa steji. Mtani wangu tangu tulipokuwa tunatembea uchi. Mbele ya wateja ananiita mume wangu. Namwambia mahari sina.

Jumanne, 6 Agosti. Tarasaa.

Matako yamejua kabla ya kichwa. Tangu nitoke Garsen kitu kinanichoma. Nikadhani ni uzee. Hapa nimevua kava: siti si yangu. Kuukuu, springi zimetoka nje. Kava ndiyo ileile.

Hawadhe. Hakuna mwingine. Kwetu mtani akikuchukulia kitu huwezi kukidai. Ukinuna, unalipa mbuzi. Ukicheka, unakikomboa kwa atakalo yeye. Mwaka jana nilimchukulia birika akanikaangia samaki wiki nzima. Sasa zamu yangu.

Lakini hajui kilichomo. Akiigawa je? Naogopa. Sili.

Jumatano, 7 Agosti. Garsen.

Nimerudi, mapaja yamechubuka. Nimeingia nacheka, meno yote matatu nje.

"Karibu mume wangu! Umenikumbuka mapema."

Nikaulizia siti kama mtu anayeulizia mvua. Nioshe vikombe kwanza, kasema, atanipa mahamri. Nimeosha vikombe vya Garsen nzima. Wafugaji wa Kiorma wanakunywa chai, wananitazama. Mmoja akanipa pongezi za ndoa. Mahamri sikuyaona.

Jioni, kwa mdomo mkavu kabisa, Hawadhe akasema siti ameuza. Mtu wa Hola kaondoka nayo.

Kicheko kikakatika. Nikakaa palepale kwenye maji ya vikombe. Sikununa. Nililia.

"Hawadhe, mle ndani yamo macho ya Dada."

Akafoka: "Mjinga wewe! Utani na ugonjwa unavichanganya? Si ungesema mapema!" Akainuka, akafunua leso aliyokuwa ameikalia kutwa. Siti yangu. Mshipi haujaguswa. Muongo mkubwa yule. Nimeikumbatia.

Alhamisi, 8 Agosti.

Hawadhe amenishonea kiraka ndani ya kaptula ya ndani, upande wa nyuma, noti zote humo. Anasema baiskeli inaachwa nje, makalio mtu analala nayo. Siti yangu kabaki nayo. Kulia si kununa, lakini kushindwa nimeshindwa. Naondoka na zile springi.

Jumanne, 13 Agosti. Mpakani.

Mgongo umekufa. Afisa kafungua mfuko wangu, katikisa pampu, kaniruhusu. Nje watu wa kubadilisha pesa wakanizunguka. "Babu, toa hapa tukubadilishie!" Nitoe vipi, barabarani? Nikaingia chooni. Kisu sina, nikafumua kiraka kwa meno. Nimeonja kaptula yangu mwenyewe. Sitaki kuzungumzia.

Nikaenda dirishani, kwa wenye kutoa risiti. Msichana wa pale akashika noti, akauliza mbona zina joto. Nikamwambia ni hali ya hewa ya Kenya.

Nimenunua sindano na uzi. Kiraka kimerudi mahali pake.

Ijumaa, 16 Agosti. Tanga.

Jana nimemlipa mhasibu wa hospitali mkono kwa mkono. Mwana wa Dada kasimama pembeni anameza mate. Asubuhi wamemtengeneza Dada jicho la kwanza. Kesho wanafungua bandeji.

Kapapasa uso wangu. "Umezeeka," kasema. "Hilo hata kwa vidole naliona."

Sasa amelala. Nimekaa kando ya kitanda chake, kwenye kiti laini. Mvua ndogo nje. Kiraka kimebaki na risiti tu.

Hawadhe, siti kaa nayo. Lakini vile vikombe niliviosha. Mahamri yangu niwekee, na uyaongezee iliki. Dada anataka kuyaona.