Ukurasa Mmoja Uliobakisha

Dada Ndinda, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yetu,

Huko nyumbani Kanyangi kwema? Goti la Mwaitu linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma inamsaidia, au ameipaka mbuzi kama ile ya kwanza? Nasikia mvua iliwafikia na ndengu zimeanza kutoa maua upande wa mtoni, ila mbaazi zimekataa. Mimi huku Doha ni mzima wa mwili. Mikono tu ndiyo imechubuka kwa sabuni, na joto ni lile lile la kuchemsha mtu. Basi hayo ya afya tumeyamaliza. Sasa vuta kigoda ukae, Ndinda, maana nina maneno na wewe.

Najua unashangaa kuona karatasi. Musyoka, yule kijana wa Nuu anayekata mboga jikoni mwa hoteli yetu, anarudi nyumbani likizo, nikamwomba anibebee. Nilitaka kumwambia kwamba siku hizi siamini simu. Lakini simu haijakosa kitu. Ambaye simwamini ni wewe.

Nianzie mbali kidogo ndio uelewe uchungu wangu. Unakumbuka nilivyofika hapa. Kazi ya dobi haina kuongea. Mashine zinanguruma siku nzima, na wenzangu wa Nepal wana lugha yao. Nilikaa hivyo mpaka nikaanza kupiga hadithi na foronya. Nikakuambia kichwa kinanijaa. Na wewe, wewe mwenyewe, ukasema, "Si shuleni ulikuwa unapenda insha mpaka mwalimu anakunyang'anya karatasi? Niandikie mimi. Kila asubuhi. Hata kama ni upuzi, wewe andika tu."

Nikaanza. Asubuhi, kabla mashine ya mvuke haijapata moto wa kunyoosha mashuka, kuna nafasi ya mtu kunywa chai. Wengine hulala juu ya marobota ya taulo. Mimi nilipindua kapu la nguo, nikalikalia, nikaandika kwenye simu. Mashine ikipiga filimbi, hata kama sentensi iko katikati, natuma hivyo hivyo na kuanza kazi. Siku za kwanza nilikuwa naandika vitu vya aibu. "Leo mashuka ni mengi. Jua ni kali. Basi." Nawe ukajibu, "Na chai ilikuwa na sukari?" Nilicheka pale juu ya kapu peke yangu mpaka wakanitazama. Kesho yake nikaandika habari ya chai. Keshokutwa nikaandika juu ya yule mama wa Nepal anayeimbia mashine yake kama anabembeleza mtoto. Siku nyingine nikaandika vile ninavyopenda kukunja shuka, kona kwa kona, mpaka likae kama mkate mpya. Sikuwa najua ninapenda kazi hiyo. Nilijua nilipoiandika.

Ilifika mahali siwezi kushika kazi bila kuandika kwanza, kama vile Mwaitu hawezi kutoka bomani bila kufagia uwanja. Nikikosa, siku nzima naiona imekaa upande. Na tulikuwa na agano, Ndinda, sikukulazimisha, ulilisema kwa mdomo wako: "Nasoma, nafuta. Yako ni yako." Mimi nami nikishatuma nafuta, kwa sababu simu imejaa, na kwa sababu msimamizi wa bweni letu anapenda sana kushika simu za watu. Basi nikawa naandika bila kuogopa. Nilikuandikia vitu ambavyo hata nikipiga magoti sivisemi kwa sauti.

Sasa sikia nilivyojua. Ijumaa, siku yangu ya kupumzika, nikapigiwa simu na Mama Syombua, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu. Nilishtuka. Nikadhani Mwaitu ametuacha.

"Mwende wetu," akasema, sauti imejaa furaha, "usiwe na wasiwasi tena. Tumefunga, tumeomba, na imetoka."

"Imetoka nini, Mama Syombua?"

"Ile roho ya kusahau mtoto."

Nikamwambia simu haisikiki vizuri, arudie. Akarudia, tena kwa sauti ya juu. Akaniambia walifunga wote, hata yeye na vidonda vyake vya tumbo. Akaniambia siku ya mwethya, ile kazi ya pamoja, walipokuwa wanachimba matuta kwa shamba la kanisa, waliniombea jembe mkononi. Halafu akaongeza, kama mtu anayenipa zawadi, "Na shangazi yako wa Matiliku tulimjulisha, naye akapeleka kwa kikundi chao, nao wakaanza kufunga." Aka! Mpaka Matiliku!

Unajua ni ukurasa upi. Asubuhi ile niliandika kwamba nimeamka, nimeoga, nimefika kazini, nimemaliza chai, ndipo nikagundua kwamba bado sijamkumbuka Mutheu. Tangu nimwache mwanangu hapo kwa Mwaitu, kila nikifumbua macho yeye ndiye wa kwanza, na ananikalia kifuani kama mzigo wa kuni. Siku ile mzigo sikuusikia. Niliandika kwamba nilisikia raha, na kwamba raha yenyewe ilinitisha. Ndivyo ilivyo kuandika kila siku, dada. Kuna siku unatoa usaha, kwa sababu usipotoa utaoza nao. Na kesho yake, wewe unajua, niliandika habari za Mutheu pekee mpaka msimamizi wa kazi akaja kunifokea: vile anavyolala na kiganja chini ya shavu, vile anavyokula muthokoi akitenga maharagwe kando ili ayale mwisho, vile alivyonishika kidole uwanja wa ndege akakataa kukiachilia. Ulinijibu, "Woi, nimelia." Mimi nakumbuka jibu hilo. Wewe unalikumbuka?

Mama Syombua alipokata simu, nilikupigia hapo hapo. Hukukana, hilo nakupa. Uliniambia polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, "Mwende, sikukusengenya. Nilipeleka kwa Bwana."

"Kwa Bwana kupitia kina mama wote wa Kanyangi?"

"Kuna jambo la kuombewa na wengi. Niliogopa. Niliona kama unatupotea huko."

Mimi desturi yetu naijua, nimezaliwa ndani yake. Kwetu mtu hasengenywi, anaombewa. Mama anasimama kwa ushirika, anashusha sauti, anasema, "Wapendwa, tumkumbuke dada fulani, sitasema mengi," halafu anayasema yote mpaka rangi ya kitenge. Si tulikuwa tunawaigiza, wewe na mimi, tukiosha sufuria nyuma ya jikoni? Wewe ndiye ulikuwa unaijua ile sauti ya kushuka. Tulicheka mpaka Mwaitu akatufukuza na mwiko. Leo umeifanya ya kweli, na dada fulani ni mimi.

Kwa nini hukuniuliza? Swali moja tu: Mwende, una nini? Mtu aliyejua kuuliza habari ya sukari alishindwaje kuuliza hilo?

Nikakuambia, sawa, basi wapelekee na ule ukurasa wa kesho yake, wausikie. Ndipo ukasema umeufuta. Yote umefuta kama tulivyoagana, huo mmoja ndio ulibakisha ili usisahau kuuombea. Nilikaa kitandani, nikacheka kicheko kibaya. Asubuhi zote nilizomlilia huyo mtoto zimepotea, kwako na kwangu. Imebaki ile moja niliyopumua.

Hata hayo ningeyameza. Lakini la Jumapili hukuniambia. Hilo nilipata kwa Mutheu mwenyewe. Kwamba pasta alimwita mbele, amevaa ile gauni ya manjano niliyomtumia. Kwamba kina mama walimwekea mikono kichwani, na pasta akaomba kwa kipaza sauti, "Bwana, mrudishie mtoto huyu moyo wa mama yake." Kwamba wewe ulikuwa umesimama nyuma yake, umemshika bega. Ndinda! Ulimshika bega asikie vizuri?

Unamjua mwanangu kwa simu. Hanyamazi. Anaanza na jino lililong'oka, anaenda kwa mbuzi aliyezaa mapacha, anamalizia na mwalimu aliyekosea hesabu. Safari hii alinisimulia hayo ya kanisani tu, bila jino wala mbuzi. Halafu akaniuliza, "Mama, leo umenikumbuka?"

"Nimekukumbuka, mama yangu."

"Saa ngapi?"

"Nilipoamka."

"Kabla ya chai ama baada ya chai?"

Huyo ni mtoto wa miaka minane, Ndinda. Sasa ananipima kwa chai. Niliweka simu chini nikalia mpaka yule mama wa Nepal, ambaye hatujawahi kuelewana hata neno, akaja akakaa kando yangu.

Tangu siku hiyo asubuhi nakaa juu ya kapu, simu mkononi, na hakuna kitu kinachotoka. Nikiandika sentensi moja nasikia kina mama wanajibu amina. Nikiandika kwamba mashine imechelewa kupata moto, najiuliza, na hii nayo watafunga na kuiombea? Umeninyang'anya kitu. Hapa nguo ni za wageni, kitanda ni cha kampuni, hata saa za kulala ni za kampuni. Ile nafasi ya chai ndiyo ilikuwa yangu, na wewe ndiye uliyenipa, ndio maana inaniuma hivi.

Nimekasirika. Usimwambie mtu kwamba Mwende ameshindwa na joto. Nimekasirika, na mwenye makosa ni wewe. Umenisaliti, tena ukinipenda, na hapo ndipo ninaposhindwa, kwa sababu angekuwa adui ningejua la kufanya. Nitakusamehe. Si leo. Na tafadhali usiniombee nikusamehe. Wala usisimame tena kanisani kunisafisha, kwa sababu utashusha ile sauti, na mimi nitakufa kwa aibu mara ya pili.

Juzi nilifanya kitu kingine. Niliomba karatasi kwa ofisi ya dobi, nikaazima kalamu ya Musyoka, nikakaa juu ya kapu kama kawaida. Mkono ulikuwa mzito. Nikaanza, "Mutheu, leo chai ina sukari nyingi." Nikaendelea mpaka filimbi. Jana nikaandika tena. Leo tena. Sijamwambia kwamba namkumbuka kila dakika, angejua ni uongo, yule ni mjanja kama bibi yake. Nimemwambia ukweli, kwamba kuna asubuhi anafika kabla ya chai, na kuna asubuhi anachelewa, na zile siku za kuchelewa huwa hatoki mpaka nimelala. Nimemwambia na yeye aniandikie, hata upuzi.

Nisalimie Mwaitu, umwambie apake dawa goti lake, si la mbuzi. Msalimie kaka yetu Mutua na mke wake, na mjomba anayetulindia mifugo. Shangazi wa Matiliku mwambie kikundi chao sasa kinaweza kula. Mama Syombua msalimie kwa heshima, alikaa na njaa kwa ajili yangu na tumbo lake likiuma, sina neno naye. Pasta pia msalimie, lakini kwa mbali.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine ndogo, nimeipaka gundi pande zote. Ni ya Mutheu. Usimfungulie. Usimsomee. Hata akikwama kwa neno, mwache ahangaike nalo. Anajua kusoma.

Ni mimi, wa tumbo moja na wewe,

Mwende