Nyumba ya Sungura Nyuma ya Jikoni

Shirere, Kakamega
2 Machi 1997

Dada yangu mpendwa Sellah,

Pokea salamu za nyumbani kwanza, mengine yatafuata. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na kwamba huo mkono sasa unaweza kushika kikombe. Watoto je, wanasoma? Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Mama analalamikia magoti, lakini sauti yake haijapata ugonjwa wowote. Mzee yuko vile vile: anakula, anabishana na redio, analala. Ng'ombe alizaa dume, na kila mtu akamkasirikia kana kwamba alikusudia.

Barua hii nimempa Jescah akuletee mkononi. Zile za posta shemeji Nehemiah huzifungua kabla yako, na mimi sipendi kuandikia watu wawili kwa stempu moja. Ukimaliza kuisoma, itie motoni chini ya sufuria.

Jescah ametueleza alivyokukuta soko la Lugari na mkono umefungwa shingoni. Anasema ulimwambia ulianguka kutoka ghalani. Dada, Jescah ni muuza mitumba. Anajua nguo iliyochanika na nguo iliyochanwa. Alipokuuliza mara ya pili, ulimjibu kwa swali: ukirudi nyumbani utalala wapi? Sikuweza kukulaumu. Krismasi ulipokuja, Mzee alikusindikiza mwenyewe mpaka steji, akisema mwanamke huvumilia, na kwamba binti aliyeolewa hana nyumba kwa babake. Tangu siku hiyo Mama humpa chakula bila kumwambia karibu.

Basi nikaanza kukiangalia kile kibanda cha nyuma ya jikoni, unakikumbuka, kile tulichokuwa tukijificha tukikataa kuchota maji. Nilimwambia Mzee nataka kukibomoa nijenge nyumba ya sungura, maana bwana kilimo amekuwa akizunguka akiwasifu sungura kama vile ni jamaa zake. Mzee alinitazama kitambo. Akauliza ni nani katika boma hili amewahi kula sungura. Nikasema tutazoea. Akakubali, ila kwa sharti kwamba hakuna kitu kitakachotupwa bila kupita mbele ya macho yake.

Jana Jumamosi walikuja Patroba, yule fundi wetu wa nyumba za udongo, na Wanzala, ambaye nguvu zake huonekana zaidi kukiwa na harufu ya chakula. Jescah naye akaja, akisema ametamani muda mrefu kuona wanaume wakifagia. Mzee aliweka kiti chake mlangoni kabisa, hivi kwamba kila tulichotoa ilibidi tukipitishe juu ya magoti yake.

Usiniulize tulitoa nini. Mitego ya fuko iliyoshika kutu, fremu ya baiskeli isiyo na gurudumu hata moja, kiti cha miguu mitatu, debe lenye misumari iliyopinda. Kila kitu Mzee alikuwa na kazi nacho. Misumari alisema itanyooshwa. Baiskeli alisema inangoja tu magurudumu. Wanzala akainua taa kuukuu ya presha, akamuuliza Mzee kwa heshima, hii nayo itawaka lini. Mzee akamjibu kuwa itawaka siku ile Wanzala ataoa, kwa hiyo iwekwe mahali pakavu, ikae muda mrefu. Jescah alicheka mpaka akaketi chini, na Wanzala akaipeleka taa mwenyewe mahali pakavu.

Mwisho likatoka sanduku lako la bati la shule ya bweni, jina lako bado linasomeka kwenye kifuniko. Hilo Mzee hakulisemea neno. Mama alitoka jikoni, akalipangusa kwa leso yake, akaingia nalo ndani.

Kubomoa sasa. Patroba alisema ukuta wa udongo humwagiwa maji, ukalegea, ukasukumwa taratibu. Wanzala akasema hayo ni maneno ya mtu anayelipwa kwa siku. Akafunga kamba kwenye nguzo ya kati, tukaishika wote, tukavuta. Kumbe nguzo ilishaliwa na mchwa zamani. Ilichomoka peke yake kama jino la mtoto, sisi tukaanguka chali katika mboga za mrenda za Mama, na kibanda kikabaki kimesimama kikitutazama. Mzee akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Krismasi. Tukaacha, tukaenda kula. Mama alikuwa amechinja kuku, ingokho hasa, na kusonga ugali wa obusuma. Tukiwa katikati ya kula tukasikia kishindo. Kibanda kilikuwa kimeanguka chenyewe. Wanzala akasema ni ile kamba yake, imechelewa tu kufanya kazi.

Tulipomaliza kusafisha, Patroba akapima kwa uzi, akatia alama za mlango na dirisha, akaanza kuchimba shimo la nguzo. Mzee akasimama. Akamwambia aache, alifukie. Akaingia ndani na kufunga mlango. Patroba alilifukia, akaniangalia, na mimi nikaangalia udongo.

Sasa nikuungamie, Dada, ingawa nadhani umeshanielewa. Sina mpango na sungura. Nyumba ile ni yako. Marafiki zangu walijua, Mama alijua. Mzee tu ndiye niliyemdanganya, kwa sababu nilijua nikitaja jina lako atasema hapana, na hapana ya Mzee hairudi nyuma. Nilikusudia aione tu imesimama na wewe umo ndani.

Lakini unazijua mila zetu. Banda la mnyama anaweza kulianza yeyote. Nyumba ya mtu, shimo la kwanza huchimbwa na mwenye boma. Basi tukiwa bado tumesimama pale, mlango wa Mzee ulifunguliwa, akatoka amevaa gambuti, na jembe begani. Akaniuliza mimi ni sungura gani hao wanaohitaji dirisha. Akasema Patroba alikuwa ameweka mlango upande wa shamba la miwa, na kwamba anataka uelekee mlango wake, ili yeyote atakayekufuata kutoka Lugari apite kwanza mbele yake. Kisha akachimba. Ana miaka mingi, alipumzika mara nyingi, lakini hakumpa mtu jembe.

Kuhusu ng'ombe wa mahari, amesema hao walikuja kwake, na wakidaiwa atajibu yeye, wewe usiwawaze. Ameniagiza nikuandikie kwamba shimo alilichimba kwa mkono wake, si mimi, si Patroba. Barua hii nimemsomea yote, hata pale pa steji. Hapo aliomba nirudie, kisha akasema niache kama ilivyo.

Kuta bado, mabati bado, lakini usivingoje; kwanza mtalala ndani kwa Mama. Njoo na watoto.

Mama anakusalimu, na anauliza watoto wamefika urefu gani. Patroba na Wanzala wanakusalimu pia. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi ndugu yako,
Shikanga