Majina Nyuma ya Mama wa Wino

Lewisham, London
9 Machi 2003

Kwako yaya Euphrasie, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini kile kifua kimepoa na watoto wanasoma. Mimi nala, nalala, naenda kazini. Asante kwa misa mliyomsomea mume wangu Norbert huko Bukavu.

Bado namtunza mzee Kanti kule Queensbury, Mhindi mzaliwa wa Kisumu. Hunitania kwamba Kiswahili chetu cha Kongo kimenyeshewa mvua. Nami humjibu kwamba chake kimekaushiwa dukani. Ukutani kwake kuna picha ambayo ningependa uione. Ni uso wa mama mzee mwenye kitambaa kichwani, uliochorwa Ufaransa zaidi ya miaka mia iliyopita, kwa wino na kalamu ya tete. Ukisogea karibu unaona nukta na vistari tu, kama ulezi uliomwagika. Ukirudi nyuma hatua tatu, mama anakutazama. Kila ninapofuta vumbi nastaajabu mkono ule ulijuaje mahali pa kuacha karatasi nyeupe.

Nyuma yake kila mwenye picha aliandika jina kwa penseli: mwoka mikate aliyepewa na mchoraji, binti yake, daktari wa Marseille, mwalimu aliyehamia Nairobi, baba yake Kanti, kisha Kanti. Mzee huyataja kama anayetaja babu zake. Hana mtoto, na hamu yake yote ni kuona picha imepokelewa na jumba la makumbusho kabla hajafa. Bi Nasim wa huko alimwonya kwamba hawataichukua ikiwa na jina lisiloelezeka.

Jumanne Bi Nasim alikuja, akaigeuza, akauliza Norbert ni nani. Mzee akasema hajawahi kuliona jina hilo pale.

Yaya, ni mimi niliyeliandika. Mwaka jana dari la mzee lilipovuja, Norbert aliibeba picha kwa basi hadi kwetu, ameifunga kwa koti lake, mwenyewe akitetemeka kwa baridi. Ilikaa siku tisa. Kila asubuhi alimwamkia yule mama kabla yangu, nami nikamwambia amepata mke wa pili asiyekula. Juma lile baada ya mazishi, picha ikiwa imesharudi kwa mzee, niliishusha nifute vumbi, nikaandika jina lake chini ya la Kanti. Nilitaka awe mahali.

Nilikiri mbele yao, nikaomba kifutio. Bi Nasim alinizuia, akisema kitaumiza karatasi. Mzee akaniuliza kwa ukali picha ilikaa kwa Norbert siku ngapi. Nikamwambia. Akamwamuru Bi Nasim aandike kwenye faili: Norbert Mugisho, mtunzaji, siku tisa, Oktoba 2002. Naye akaandika, nami nikatia sahihi kuwa ni kweli. Wataichukua Ijumaa.

Wabusu watoto. Mama mkwe mpelekee habari hii kwa mdomo, asije akadhani mwanawe aliacha mali. Mwambie alibeba tu, na alibeba vizuri.

Mdogo wako akupendaye,
Émilienne